Katibu na Mswaki Wake

Katibu wa chama chetu cha mambo ya kale hapa Njombe hawezi kuona shimo akapita. Ukichimba choo, yupo. Wakifukua bomba la maji, yupo, kachuchumaa ukingoni, mswaki mfukoni mwa koti, na kila kigae anakisafisha kwa vidole vyake vinene kana kwamba anaogesha kichanga. Misibani hujitolea kuchimba kaburi kabla hajaombwa, nasi tulikuwa tukimsifu kwa utu, mpaka siku ya kumzika Mzee Ebeneza. Jeneza limefika, mchungaji amefungua kitabu, na katibu bado yumo kaburini, anaupiga mswaki ukuta wa udongo.

“Toka, ndugu yangu,” mchungaji akamwambia.

“Kidogo tu, Mchungaji. Nimekuta tanuri la wahunzi wa kale,” akajibu kwa ile sauti ya kunong'ona anayoitumia akiwa shimoni tu.

Waombolezaji wakaguna. Mjane akasogea, akachungulia chini.

“Mwacheni amalize,” akasema. “Marehemu naye alikuwa mwanachama. Miaka yote hiyo walichimba wakaambulia vizibo vya soda.”

Katibu alipotoka na kigae cha tanuri, hakutuonyesha sisi. Aliinama juu ya jeneza, akanong'ona, “Mzee, tumepata.”