Aliniacha kwa Saa ya Kompyuta, Leo Anataka Niseme Nilizini

Admin, jina langu lifiche, ila hasira zangu ziache kama zilivyo. Nina miaka hamsini na minne, niko Kibiti, na nina binti mmoja ambaye baba yake hajawahi kumwita mwanangu.

Kampuni za watu binafsi zilipoanza kununua mbao huku kwetu, nilipata kazi ya kuchapa stakabadhi kwenye kompyuta. Tunafungua asubuhi, alasiri tunafunga, basi. Meneja akawa analalamika: "Binti, hii saa ya Kizungu inanichosha. Nane eti ndiyo saa mbili! Iweke isome kama tunavyosema sisi." Enzi zile ni kioo cheusi, unaandika amri kwa mkono. Mstari wa majira ulikuwa TZ=EAT-3, yaani tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia. Nikafuta kale kakistari kabla ya tatu, nikaiwasha upya kompyuta; tatu za mbele zikawa tatu za nyuma, saa ikarudi nyuma saa sita. Saa mbili asubuhi ikasomeka 02:00. Meneja akafurahi kweli.

Mume wangu alikuwa akienda Mloka kulinda mahindi yasiliwe na wanyama, analala dunguni, kibanda cha juu shambani, wiki nzima. Nikashika mimba. Siku moja akaona stakabadhi zilizoharibika nilizoleta nyumbani kufungia karanga. Jina langu, saa 02:14. Naye aliwahi kulinda ghala Dar, saa za Kizungu anazijua.

"Saa nane usiku ulikuwa ofisini na nani?"

Nilieleza mpaka mate yakanikauka. Akasema, "Kompyuta haidanganyi. Mwongo ni wewe. Mimba hiyo mpelekee meneja wako."

Nikamkimbilia meneja aje aseme ukweli. Hakuja! Eti makao makuu wakijua saa imechezewa, atafukuzwa kazi. Nikapewa talaka nina mimba ya miezi mitano. Meneja ameshakufa, na simsamehe.

Sasa binti yangu kaposwa, anataka baba yake awe walii. Nikajishusha nikaenda. Lile libaba likanijibu bila haya: "Nitamwozesha. Ila kwanza uje mbele ya ndugu zangu useme ulizini, uniombe radhi."

Looo! Na binti naye analia: "Mama, sema tu yaishe, ni maneno."

Maneno? Nikisema, nimemfanya mwanangu awe mwana wa haramu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nisiposema, ataozeshwa na mtu baki na baba yake yu hai, mtaa wa pili. Ndoa ni Ijumaa ijayo. Ninyi mliozaa, niambieni: mngeenda kusema?