Kamba za Kununulia Sufuria la Uji

Juzi nimeingia dukani hapa Korogwe, karibu na stendi, kununua kamba ya mbuzi. Kijana wa duka akanitolea kamba ya plastiki, ya bluu, inang'aa kama shati la bwana harusi. "Mzee wangu, hii hata tembo haikati." Nikamwamini. Nikaifikisha kwangu Masuguru, nikamfunga beberu, nikageuka niingie ndani. Bwana we, sijafika hata mlangoni, beberu yuko kwenye mchicha wa watu, kamba inaning'inia shingoni kama tai ya karani. Sijui tembo gani aliyejaribishiwa kamba ile. Labda tembo wa kwenye kiberiti.

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi. Halafu zikanijia kamba zetu, zile za utotoni kule upande wa Handeni. Hebu sogea nikusimulie.

Kijiji chetu kilikuwa kando ya barabara ya udongo, ile inayotoka Handeni kuteremkia Korogwe. Shule yetu ilikuwa na sufuria moja kubwa la uji, na mimi nisikufiche, sufuria hilo ndilo lililonipeleka shule. Herufi nilizikuta tu pale, tukasalimiana, kila mtu akaenda zake. Lakini uji! Uji wa mahindi, mzito, unapikwa kwa kuni za porini, unanuka moshi kidogo. Saa nne ikifika unasikia mwiko unagonga ukingoni, ko ko ko, na matumbo ya darasa zima yanaitikia.

Siku moja sufuria likatoboka kitako. Mpishi akaziba kwa ugali, ukayeyuka ukawa sehemu ya uji. Akaziba kwa udongo wa mfinyanzi, tukanywa udongo, na mimi nakwambia sitanii, tumbo langu lilikuwa linalia kama mtungi. Mwisho likapasuka kabisa, uji wote ukamwagika motoni. Ile harufu ya uji unaoungua ninayo puani mpaka leo.

Hapo mchezo ukaisha. Kulikuwa na watoto wanaotoka mbali, wanaondoka kwao nyota bado ziko juu, hawajatia kitu mdomoni hata kiporo cha bada, ule ugali wetu wa muhogo. Msichana mmoja wa dawati letu alianguka chini mwalimu anaandika ubaoni. Si homa, njaa tu. Wengine wakaanza kubaki nyumbani. Mwalimu akaona shule inamfia mkononi, akaitisha wazazi.

Wazazi wakasema sawa, tuchange. Mara Bibi yangu akasimama. Bibi alikuwa mfupi, ukimwona kwenye mahindi unaona kilemba tu kinatembea, lakini akisema, hata kuku wanaacha kuchakura. Akasema, "Mkichanga nyie, hawa watakunywa uji. Wakichanga wao, wataujua uji."

Jirani yetu, aliyefanya kazi miaka na miaka kwenye mashamba ya mkonge ya Ngombezi, akaangua kicheko. "Wachange nini, mama? Chawa?"

"Mkonge si umejaa kwenye mipaka ya mashamba yenu? Watasokota kamba. Zitauzwa kwa mnada siku ya harambee."

"Kule Ngombezi kuna mashine inakamua mkonge ukipepesa jicho tu. Hawa watamaliza wakiwa na wajukuu."

"Basi wajukuu nao watapata uji," Bibi akamjibu, akaketi. Mkutano ukafungwa.

Sasa uliza kazi ile ilikuwaje. Jani la mkonge lina mwiba nchani unaoweza kumchoma mtu mpaka mfupani. Ukishalikata, unalilaza juu ya ubao, unalikwangua kwa panga butu mpaka nyama ya kijani iishe zibaki nyuzi. Maji yake yanawasha, ndugu yangu! Tulijikuna mpaka ng'ombe wakatuonea huruma. Nyuzi tunaziosha kijitoni, tunazianika uani, kijiji kizima kikaonekana kimeota ndevu nyeupe. Halafu jioni tunakaa kwa Bibi, miguu imenyooshwa, tunasokota juu ya paja. Unaweka nyuzi, unasukuma kwa kiganja, unarudisha, unaongeza nyingine. Mapaja yalituwaka moto. Mimi langu la kulia lilikuwa sugu kiasi kwamba ungeweza kunolea kisu.

Bibi anapita nyuma yetu, anashika kamba ya mtoto, anaivuta mara moja tu, puu. Ikiachia, anakurudishia bila neno. Unaanza upya. Watoto walilia pale. Akatuambia, "Kamba haina mdomo, mwanangu, lakini ukiidanganya itakusema mbele za watu."

Siku ya harambee ikafika, na masika nayo ikachagua wiki hiyo hiyo. Mvua ilinyesha kama mbinguni wameangusha pipa. Watu wakaja hivyo hivyo: wakulima, wafanyabiashara, wafugaji wa Kimaasai na fimbo zao. Kamba zetu zimetundikwa ukutani mwa darasa, kila mtoto amesimama chini ya yake. Mwalimu akashika ya kwanza, akaanza kunadi. Kimya. Akaongeza sauti. Kimya.

"Mwalimu," jirani akauliza, "hiyo ni ya kufungia mbuzi au ya kufungia maandazi?"

Watu walicheka! Mzee mmoja mfugaji akaigusa kwa fimbo, akatikisa kichwa. "Ya watoto hii. Dume langu litaila." Nilimtazama yule msichana aliyeanguka darasani. Ameshika ncha ya kamba yake.

Ndipo tukasikia mngurumo barabarani. Lori la mahindi, limetoka Handeni, limeingia kwenye lile tope la bondeni chini ya shule. Tope lile ulisikie tu. Liliwahi kumeza baiskeli, mwenyewe akarudi kwao na kengele. Lori likazama mpaka likawa kama linaswali. Dereva akapanda kwetu, tope mpaka kwenye nyusi. "Shikamooni wazee. Mnyororo wangu umekatika. Nani ana kamba?"

Watu wote wakatazama ukutani. Kisha wakatazamana.

Bibi akasema, "Zishusheni zote. Zisokoteni ziwe moja."

Mwalimu akamsogelea, akamnong'oneza, ila mimi nilikuwa karibu. "Bibi, ikikatika hapa mbele yao, hatuuzi hata moja. Uji ndiyo basi."

"Ikikatika tutajua hatukufanya kazi, mwalimu. Shusheni."

Tukazitandaza uwanjani, watoto huku na watoto kule, tunazungusha kwa vijiti, tunakimbia, tunazungusha, mpaka ikawa kamba moja nene kama mkono wa mpishi wetu. Tukateremka nayo bondeni, dereva akaifunga kwenye lori. Tukashika sisi mbele, wazazi nyuma, na jirani naye akaingia, anasema anashika ili aone inavyokatika kwa karibu.

"Haya! Moja, mbili... vuta!"

Kamba ikanyooka. Ikatoa maji ya mvua kama nguo inayokamuliwa. Ikaanza kulia, nakuapia, ile kamba ililia, sauti nyembamba, mmmmm, kama nyuki wako ndani. Uzi mmoja ukakatika, ta! Mwingine, ta! Mwalimu akafumba macho. Miguu yetu inazama, mimi tope limefika magotini, nahisi lori zima liko kwenye viganja vyangu, na milima yote ya Usambara imepakiwa juu yake. Halikwenda. Halikwenda. Halafu, taratibu kama mtu mzima anayeamka usingizini, likasogea.

Hakuna aliyepiga kelele mwanzoni. Tuliogopa litasikia libadilishe mawazo. Likaja, likaja, matairi yakafyonzwa kutoka kwenye tope, likasimama barabarani kwenye udongo mgumu, moshi unafuka. Tukageuka kuitazama kamba. Imechubuka, imejaa tope, lakini nzima kuanzia ncha hadi ncha.

Ndugu yangu, nimeona mambo. Nimeona Mto Pangani umefurika umebeba nyumba na jogoo juu ya paa anawika. Lakini sijaona kitu kama nyuso za wale watoto. Yule msichana alikuwa anaangalia lori, anaangalia mikono yake, anaangalia lori.

Mnada ukarudi shuleni. Tukaifumua ile kamba kubwa zikawa ndogo tena, na sasa ilikuwa vita. Yule mzee mfugaji alitaka mbili. Mwalimu akamletea moja aliyoipangusa vizuri, akaikataa. "Nipe yenye tope! Hiyo ndiyo ilivuta." Dereva akanunua moja aliyoisokota Bibi mwenyewe, kwa bei ya kumwoa mtu. Na jirani, aliyetucheka, akanunua ya yule msichana, akajifunga kiunoni kama mkanda, akazunguka nayo kijijini mpaka watu wakamkimbia.

Sufuria lilikuja kutoka Korogwe juu ya lori lile lile. Tulilibeba wenyewe hadi jikoni, wadogo kwa wakubwa, na siku ya kwanza uji ulipoiva hakuna aliyemsukuma mwenzake. Tulipokea vikombe kwa mikono miwili. Sukari haikuwepo. Nilikunywa polepole, mimi niliyekuwa nameza uji kama bata, na hakuna mtoto aliyemwaga hata tone.

Bibi ametangulia mbele ya haki. Jirani naye. Mipaka ya mashamba siku hizi ni waya, mkonge waliung'oa. Michango ya shule inatumwa kwa simu: mzazi anabonyeza akiwa kitandani, mtoto hajui ilikotoka wala ilikokwenda. Sipingi, mimi nani? Na barabara sasa ni lami, nyeusi, imenyooka. Malori yanapita bondeni pale, shuuu, hayapunguzi hata mwendo. Watoto wanasimama kando wanayapungia mikono, na hakuna aliyewaambia kwamba kitu kikubwa namna ile kinavutika.