Waya Mnene wa Harusi ya Dada Paulina

Enzi zetu kule Balangdalalu, mashamba ya ngano ya serikali yakiwa bado yananguruma, mtu mwenye waya mnene alihesabiwa mwizi mpaka athibitishe vinginevyo. Sitanii. Waya wa aina hiyo tuliuona kwenye mitambo ya shamba tu, basi ukionekana kwako, watu walikuamkia vizuri, shikamoo mzee, huku macho yao yako chini ya gari lako.

Baba alikuwa na pikapu kuukuu. Dada Paulina alipochumbiwa, baba akaapa kumpeleka kanisani kwa muziki utakaosikika mpaka Masakta. Akafunga spika kubwa ya besi nyuma, amplifaya chini ya kiti, na kati ya hivyo viwili waya mnene alionunua dukani Katesh. Sisi watoto tulitafuna ngano ya kukaanga huku akitueleza kwamba besi inakula umeme mwingi, na kutoka mbele hadi nyuma ni mbali, waya mwembamba utachemka. Alipoijaribu, mabati ya jikoni yalitetemeka. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake mlinzi wa shamba akapita, eti kusalimia. Akauliza habari za ng'ombe, akaizunguka pikapu, akainama kuutazama ule waya. Jioni upande wa bwana harusi wakatuma mtu kuuliza, kwa upole kabisa, kama baba aliwahi kufanya kazi shambani.

"Sitamwoza binti yangu kwa jina la mwizi," baba alisema. Akaung'oa waya mnene, akafunga mwembamba wa redio ya nyumbani, ambao hakuna mtu angeutilia shaka.

Siku ya harusi, tukikaribia kanisa, kwaya ikaanza kwenye kanda, besi ikagonga, plastiki ikanuka, kimya. Paulina aliingia kanisani akisindikizwa na jogoo wa jirani. Na watu wakasema, si mnaona, ule wa shamba kauficha! Iliniuma, na inaniuma mpaka leo.

Vijana wa sasa wanaitingisha Katesh nzima, vioo vya gari vinalia, maneno ya wimbo huyasikii, na hakuna anayewauliza kitu. Juzi mtoto wa Paulina alinijia kuuliza afunge waya gani. Nikamwambia mnene, mjomba, mnene hasa, usimwogope mtu.

Akarudi nao mkononi, mpya, unang'aa. Kabla sijaitikia shikamoo yake nikajisikia nikisema, "Umeutoa wapi?"