Mtani aliyesukuma chips zote kwenye kombe la marehemu Maganga

Wakuu, poleni na majukumu. Ninayoyaandika hapa ni kweli tupu. Baadhi ya waliokuwepo mezani wamo humu jukwaani, na nikipindisha neno watanisahihisha.

Mimi ni mtu wa makamo. Nilisomea uchumi chuo kikuu, na sasa nasimamia mizigo kwenye bandari kavu ya Isaka.

Kwa miaka kadhaa tumekuwa kundi dogo linalocheza mashindano ya poka Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwa rafiki yangu Maganga, Kambarage, Shinyanga mjini. Hatuchezi kwa fedha. Kila mtu anaanza na chips sawa (siyo zile za mayai), anayeishiwa anainuka, na katika mashindano makuu ya mwaka, anayebaki wa mwisho analilea kombe hadi mwaka unaofuata.

Maganga ndiye aliyenifundisha mchezo huu, na kombe alilinunua yeye. Mwaka jana alilishinda mwenyewe, likabaki kabatini kwake.

Mwaka huu tumemzika. Presha.

Baada ya arobaini, mkewe, Mama Kulwa, alituita akaliweka lile kombe mezani. "Lichezeeni mara ya mwisho," alisema. "Atakayeshinda aende nalo jumla. Mimi kila nikifungua kabati naliona, nashindwa hata kuchukua sahani."

Nililitaka kombe lile, wakuu. Sikuwa na kitu kingine cha Maganga isipokuwa picha mbili kwenye simu.

Sasa niwaeleze kuhusu Pazi.

Pazi ni Mzaramo anayenunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo kule Geita. Wengi wenu mnajua kwamba Wasukuma, kama Maganga na mimi, na Wazaramo ni watani. Yeye na Maganga walitaniana hadi wageni wakadhani wana ugomvi. Mama yake Pazi alipofariki, Maganga alisafiri hadi Kisarawe, akaingia kaburini, akalala chali, akakataa kutoka mpaka apewe kitu.

Lakini Maganga alipofariki, Pazi alikuwa nje ya nchi. Hakufika. Nilimhesabia hilo moyoni.

Siku ya mashindano alikuja amechelewa, hakumpa mtu pole, akaketi na kuanza fujo. Karata mbili za kwanza zilipogawiwa, hakuzitazama. Alizisukuma chips zake zote katikati.

"All-in! Nyie si Wasukuma? Mbona leo mnasukumwa?"

Watu wakacheka kidogo, wakaacha karata zao. Mkono uliofuata, yaani karata zilipogawiwa upya, vilevile. Na uliofuata. Asiyekuwa na karata nzuri haweki mchezo wake wote rehani kwa sababu ya kelele, kwa hiyo tuliendelea kuacha, naye akaendelea kukusanya. Wawili waliochoka kudhalilishwa wakamfuata kwa hasira, wakaweka chips zao zote juu ya karata dhaifu. Wakatoka.

"Nendeni mkachunge," aliwaambia. "Ng'ombe hawana all-in."

Vitabu vya poka vinafundisha kwamba mpinzani wa aina hii hashindwi kwa ubabe. Unapunguza mikono unayocheza, unasubiri karata nzito, kisha unamwachia ajigonge mwenyewe. Ndivyo nilivyofanya. Nilimkamata mara mbili, wengine wakaishiwa, tukabaki wawili, mimi nikiwa na chips nyingi kumzidi.

Hata hivyo, nilikuwa nimevimba kwa hasira. Niliona anafanya mzaha juu ya kitu cha marehemu.

Akasukuma tena zote bila kutazama. "Msomi! Chuo kizima kimekuandaa kwa ajili ya swali hili moja. Jibu!"

Nilifunua karata zangu kidogo. K mbili, ya shupaza na ya kopa: karata nzito niliyokuwa naisubiri.

Kabla sijamjibu, uvumilivu uliniisha. Nilimgeukia Mama Kulwa aliyekuwa amesimama mlangoni. "Shemeji, samahani kwa fujo hizi. Akitoka leo, hatarudi tena kwenye kundi letu."

Mama Kulwa alinitazama kwa mshangao. "Fujo zipi? Si anafanya kazi yake?"

"Kazi gani?"

"Ya mtani. Msibani hakuwepo, nani alitufanyia utani? Tulizika kimyakimya kama tunamficha mtu." Akatikisa kichwa. "Na wewe ni Msukuma, shemeji. Hadi mimi nikwambie?"

Aliingia ndani, akarudi na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Akaiweka mbele ya Pazi.

"Haya mtani, haki yako hiyo. Imetosha."

Pazi alichukua kipande kimoja, akatafuna polepole. Uso ukambadilika. Mtani akishapewa chake, kazi imekwisha. Hiyo kila mtu mezani aliijua.

Akaniambia, safari hii bila kelele: "Mimi nimeshalipwa. Lakini chips ziko katikati, kaka. Amua."

Wakuu, nilizifunua tena zile K mbili. Kuziacha kungekuwa kumpa zawadi, na yeye hakuja kuomba zawadi. Isitoshe, mashindano yasiyochezwa kwa haki yangekuwa dharau kwa mwenye kombe. Lakini kumfuata kulimaanisha kumwondoa kwenye kiti alichokalia mara ya mwisho alipocheza na rafiki yake.

Nikasema, "Nakufuata."

Alifunua zake. Saba ya uru na mbili ya pau, karata mbaya kuliko zote. Karata tano za mezani, zile tunazozitumia sote wawili, hazikumsaidia.

Pazi akainuka. Akamwendea Mama Kulwa, akamshika mikono yote miwili.

"Pole, shemeji."

Ilikuwa pole yake ya kwanza tangu msiba utokee. Kisha mtu mzima yule alilia, akaegemea fremu ya mlango, na hakuna aliyemzuia.

Nilichojifunza ni hiki: kumsoma mpinzani kwa karata zake ni nusu tu ya kumsoma. Niliupatia mchezo wa Pazi sawasawa, nikamkosea Pazi mwenyewe, tena kwa mila ambayo ni yangu.

Kombe liko sebuleni kwangu. Kila nikilitazama najiuliza kama nililishinda au niliachiwa na mtu aliyekuwa tayari amemaliza alichokuja kufanya.

Wachezaji wa poka, na hasa nyie mliowahi kufanya utani msibani: ungekuwa wewe na K mbili, ungemfuata au ungeweka karata chini? Nijibuni bila kunionea huruma.