Majina Niliyoyasaga Ujiji

Kuna asubuhi moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya kama vile ni jana.

Nilikuwa karani wa zahanati moja hapa Ujiji, msichana mwenye kompyuta moja na majivuno ya kutosha kompyuta kumi. Kazi yangu ilikuwa kuwaandikisha wagonjwa wa kifua kikuu, wale wanaokuja kumeza dawa mbele ya muuguzi. Kila mwezi nilipeleka orodha yao kwenye ofisi moja Kigoma mjini, wahesabu nani anaendelea na nani amekatiza dozi. Majina yalitakiwa yafichwe, maana watu wetu unawajua. Ukikohoa mara mbili sokoni, wameshakuzika.

Nikapata programu ya kuyaficha. Unaipa jina, inalisaga, inakutolea mfululizo wa herufi na tarakimu usiosomeka. Nyinyi vijana mnaiita hashi. Uzuri wake, jina likishasagwa hakuna wa kulirudisha lilivyokuwa. Basi nikatamba! Nilimwambia kila aliyenisikiliza kwamba chikichi likishakamuliwa, mawese hayarudi kuwa chikichi. Karani wa kule mjini akaniomba programu hiyo, nami nikampa papo hapo ili anisifu. Kazi yake ilikuwa kuhesabu tu. Programu alikuwa anaitakia nini? Sikumuuliza.

Miongoni mwa wagonjwa wangu alikuwamo Zaituni, fundi cherehani. Alikuwa amebakiza miezi miwili amalize dozi, hakohoi tena, na posa yake imeshapokelewa. Desturi yetu unaijua: kabla ya harusi upande wa mume hutuma watu wakaulize mtaani, binti ana tabia gani, kwao kuna maradhi gani. Kuuliza si dhambi. Lakini yule karani wa mjini alikuwa kaka wa bwana harusi, na hakujisumbua kwenda mtaani. Aliiuliza orodha yangu. Aliandika jina kamili la Zaituni kwenye programu niliyompa, akalisaga, kisha akatazama kama matokeo yake yamo kwenye orodha. Yalikuwamo. Kesho yake posa ikavunjwa, na shangazi yao akaitangaza sababu hadi sokoni.

Asubuhi niliyokuambia ndiyo aliyoingia baba yake Zaituni, Mzee Mrisho, mpiga telegramu wa reli aliyestaafu. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

"Nani amempa yule kijana jina la mwanangu?"

"Mzee, yale majina hayasomeki. Hakuna anayeweza kuyarudisha."

"Ayarudishe ya nini? Hebu andika jina la mwanangu humo." Nikaandika. "Haya, ulichokipata kitafute kwenye orodha yako."

Nikakitafuta, nikakiona.

"Ujiji hii tunajuana wote," akasema. "Mwenye programu hiyo atakaa na chai yake, aandike majirani mmoja mmoja mpaka akufikie na wewe. Sisi reli habari ya siri hatukuituma bila neno la pamoja. Mimi ninalo, mwenzangu wa stesheni ya pili analo, basi. Na tulipeana ana kwa ana, si kwenye waya. Wewe neno lako liko wapi, binti?"

Sikuwa nalo. Nilianza kulia, naye akaniambia machozi nimpelekee Zaituni. Zaituni mwenyewe alikuwa ameshaondoka kwenda Ilagala kwa mjomba wake, na dawa ameacha.

Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Ugonjwa ulikuwa umeshindwa kumkatisha tamaa, nikamkatisha mimi. Nilipanda boti na muuguzi tukamfuata. Tulimkuta anaanika dagaa, kikohozi kimemrudia.

"Dada, na dawa sina ugomvi," aliniambia bila kuniangalia. "Nagombana na orodha yako."

Alianza dozi upya, akapona. Yule karani je? Alihamishiwa meza nyingine, ofisi ile ile yenye kiyoyozi. Hakuna aliyemuuliza kitu!

Sasa nawasikia nyinyi mnaotengeneza mifumo ya hospitali mkisema, "Bibi usijali, majina tumeshayasaga." Nisijali vipi? Jina la mtu anayejulikana likisagwa peke yake halijafichwa. Lichanganye kwanza na neno la siri, refu, lisiloweza kukisiwa, si jina la mwanao wala namba yako ya simu, ndipo ulisage. Neno hilo awe nalo yule tu ambaye kazi yake haiendi bila kumjua mgonjwa. Anayehesabu ahesabu, neno halimhusu. Na faili zima ukilifunga kwa neno la siri, usilitume neno hilo nyuma ya faili kwenye simu ile ile, kama mnavyofanya kila siku mkijiona wajanja. Mwenzenu akiacha kazi, libadilisheni siku hiyo hiyo. Na kabla hujampa mtu neno, muulize analitakia nini. Hata akinuna.

Zaituni yuko hai, anashona bado. Tukikutana ananisalimia vizuri kabisa. Lakini watoto wake walipokuwa wadogo, hata homa ikiwachemsha, aliipita zahanati yetu na mtoto mgongoni akampeleka mjini, nami namwona dirishani.

Mungu akujalie, mwanangu, mikono inayostahili kushika majina ya watu. Na siku utakapotamani sifa kwa siri isiyo yako, akuumbue mapema, kabla mtoto wa mwenzio hajakulipia.