Bakuli la Upande wa Mnyororo

Tsofa alitengeneza baiskeli kwa miaka ishirini na sita pale njia panda ya Kanana, barabara ya Shimoni inapochepuka. Wachuuzi wa samaki wa Kibuyuni waliwapita mafundi wawili ili wamfikie yeye, kwa kuwa ekseli ya pedeli akishaifunga Tsofa haikurudi ikicheza.

Mwaka juzi macho yalianza kuingia ukungu. Hakumwambia mtu, hata mkewe Hanifa. Gololi alizihesabu kwa ncha ya kidole, kumi na moja kila upande, na spana alizitambua kwa uzito wake.

Jumanne moja asubuhi akaja Luqman, mchuuzi kijana mwenye watoto wawili.

"Shikamoo, mzee Tsofa. Pedeli zinayumba."

"Marahaba. Iweke hapo."

Tsofa alifungua, akakuta mabakuli yanayoshika gololi yamelika. Akaleta mapya. Lile la upande wa mnyororo hesi zake, ile mifereji ya skrubu, ni za kinyume, hukazwa kwa kuzungushwa kushoto. Hilo alilijua tangu ujana. Lakini kuliingiza kwataka jicho: hesi zishikane sawasawa kwa vidole kwanza, ndipo spana iguse. Siku ile likaingia mshazari. Alilisikia linakazika mapema mno. Angeweza kulitoa aanze upya, au amwombe Luqman amtazamie. Aliona haya. Akatia spana, akalisukuma kwa nguvu mpaka likanyamaza.

"Limekaa?" Luqman akauliza.

"Limekaa. Nenda salama."

Siku ya tatu Luqman alikuwa akipanda mwinuko karibu na Ramisi, amesimama juu ya pedeli, kapu la samaki nyuma. Bakuli likachomoka, ekseli ikalala, naye akaanguka katikati ya lami. Lori la mchanga lililokuwa nyuma halikuwahi kusimama. Hospitalini mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti.

Baiskeli ililetwa kwa Tsofa na Nusra, mke wa Luqman, aliyeikokota mwenyewe.

"Dereva asema mume wangu alijiangukia tu," alisema. "Nataka kujua kimevunjika nini."

Tsofa alipitisha kidole ndani ya tundu la fremu, pale bakuli lilipochomoka. Hesi zilikuwa zimechunwa, chuma kimekwanguka kama ukoko wa sufuria. Angesema fremu ilikuwa kuukuu, na Nusra angeamini.

"Hakuna kilichovunjika, mwanangu. Mimi ndiye niliyefunga bakuli vibaya. Sioni vizuri, na hilo nililificha."

Nusra hakulia wala hakumtukana. "Ungalimwambia," alisema, "angalikwenda kwa fundi mwingine." Akaondoka, baiskeli akaiacha pale chini.

Tsofa alifunga kibanda. Hanifa ndiye aliyempeleka kupasuliwa mtoto wa jicho. Jicho moja likapona nusu, la pili madaktari walisema amechelewa. Kila Ijumaa baada ya swala alikwenda Kibuyuni kumjulia hali Luqman. Luqman aliitikia salamu, kisha akageuza uso ukutani. Iliendelea hivyo miezi mitano.

Ijumaa moja Luqman akasema, bila kumtazama, "Samaki siwezi tena. Mikono ninayo. Nifundishe."

Kibanda kikafunguliwa. Luqman alikaa juu ya kreti la soda, magongo yameegemezwa kando, na Tsofa akamfundisha kutia grisi, kupanga gololi, kukaza bakuli la upande wa pili, usio na mnyororo, hadi ekseli izunguke laini bila kucheza. Siku nzima walizungumza habari za vyuma tu. Walipofika kwenye bakuli la upande wa mnyororo, Luqman aliliingiza kwa vidole, akalitoa, akaliingiza tena, mara sita. Kisha akaliweka chini, akajifunika uso kwa mikono yenye grisi. Tsofa alinyoosha mkono kumshika.

"Usiniguse, mzee."

Mkono ukarudi.

Sasa kibanda ni cha Luqman. Kazi yake ni nzuri, nao wachuuzi wamerejea. Tsofa hupita asubuhi, akatoa salamu, naye hujibiwa. Chai ya saa nne ikifika, Luqman hunywa peke yake, na Tsofa huondoka kabla haijamiminwa.