Bilauri ya Mguu wa Kijani na Punje Kumi na Tatu

Safari nzima ilinigharimu shilingi elfu tisini na sita na mia tano, pamoja na bilauri moja. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata elfu tisini na sita kamili, nikafarijika kidogo, hadi nilipokumbuka hindi la kuchoma la Mombo.

Sababu ya kuondoka ilikuwa namba sita. Mimi nauza vyombo vya kioo vya zamani hapa Ngamiani, Tanga: bilauri, mitungi, chupa za marashi, vioo vya taa ambazo zenyewe zilishakufa. Nilikuwa na bilauri tano za aina moja, za enzi za Wajerumani. Juu ni kioo cheupe chembamba, umbo la yai lililokatwa kichwa. Chini ni mguu mnene wa kijani wenye mapete mapete, kama kidole cha bibi harusi aliyezidisha. Mteja wangu, daktari wa meno mstaafu, alizitaka. Kwa tano alinipa bei ya laki mbili. Kwa sita, laki sita.

Nilimwuliza hesabu hiyo alisomea wapi.

"Mama Nasra," akasema, "tano ni mabaki. Sita ni seti."

Kwa hiyo bilauri moja ilikuwa na thamani ya laki nne, na ndiyo niliyokuwa sina. Wiki hiyo hiyo Mwalimu Hoza, rafiki wa marehemu kaka yangu anayefundisha Lushoto, akanitumia picha kwenye simu. Bilauri ya mguu wa kijani, mezani kwa bibi mmoja wa huko juu ya Mlalo. Ilikuwa imejaa maharage. Nikadhani mwalimu anapamba picha.

Nilichukua moja kati ya zangu tano ili nikalinganishe, maana kioo hakitambuliwi kwa kumbukumbu. Niliifunga kwa kanga mbili, nikaipakata kutoka Tanga kama mtoto mwenye homa.

Saa nne asubuhi, Mombo. Hapa ndipo barabara inaacha tambarare na kuanza kupanda, na ndipo msafiri mwenye akili hula, kwa sababu kona za mbele hazimpendi mtu mwenye njaa wala aliyeshiba sana. Hindi lilikuwa mia tano. Nikasema mia tatu.

"Kwa mia tatu nakuuzia gunzi," akasema muuzaji, wala hakuacha kupepea makaa.

Nikatoa mia tano. Mtu anayejibu hivyo humpunguzii.

Soni nilivaa sweta. Lushoto nikavaa la pili. Mwalimu Hoza alikuwa ananisubiri karibu na soko, mrefu, koti la mvua limemfika magotini. Kabla ya chai alitaka kunionyesha mzee mmoja mwenye meza ya vitu vya zamani, ambaye mara aliponiona aliibua glasi kutoka chini ya gazeti.

"Ya Mjerumani hii, mama. Elfu hamsini."

Nikapitisha ukucha ubavuni taratibu, kutoka mdomoni hadi kwenye kitako. Ukucha ukakwama kwenye mstari mwembamba. Nikageuza upande wa pili: mstari mwingine. Kioo chenye mshono kimetoka kwenye kalibu, kama tofali, na wenzake wako elfu, wote sawasawa. Kilichopulizwa kwa mdomo wa mtu hakina mshono. Kina viputo vidogo, na chini ya kitako utagusa kovu pale kilipokatwa kutoka kwenye fimbo ya fundi.

"Mzee wangu," nikamwambia, "hii ilikuwa na jamu."

Akaitazama kwa huruma. "Jamu ya Mjerumani," akasema.

Jioni mwalimu alinipa maelekezo. Bibi anaitwa Naomi, Mlutheri, mjane, miaka themanini na kitu. Nisiitaje glasi kwanza. Kuna mtu wa Arusha aliwahi kuitaja kabla ya kumaliza salamu, akarudi na mfuko wa viazi tu.

Siku ya pili, saa tatu, Mlalo. Kutoka hapo tulipanda kwa miguu, mwalimu mbele, mimi na kanga zangu nyuma, matuta ya maharage yakishuka pande zote mbili kama ngazi. Mvua za masika zilikuwa zimeanza na udongo ulitaka viatu vyangu kuliko nilivyovitaka mimi. Nilihesabu mipindo ya njia: kumi na tisa. Wakati wa kushuka ilikuwa ishirini. Sijui mmoja ulitoka wapi.

Bibi Naomi alikuwa mdogo wa umbo, kitambaa cheupe kichwani, macho makavu ya mtu anayejua bei ya kila kitu sokoni bila kwenda sokoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umepandisha mlima na mtoto?"

"Ni mzigo tu, bibi."

"Ninaona unaubembeleza."

Tukaketi. Chai ya maziwa ikaja, na magimbi. Kabla ya kula aliomba, na sala yake ilianza na shukrani za mvua, ikapita kwa wagonjwa, ikafika kwangu. Alimwomba Bwana anijalie safari njema na moyo wa kutoa bei ya haki. Nilisema amina kwa sauti ndogo. Sala nayo inaweza kuwa mapatano.

Bilauri ilikuwa rafuni, juu ya kitambaa cha kufuma. Niliiona mara moja na nikaacha kuiangalia. Nikasifu birika.

"Birika hii nzuri, bibi. Unaiuzaje?"

"Inavuja," akasema. "Wewe umekuja kuangalia glasi. Mwalimu amenipigia simu juzi."

Mwalimu Hoza akapata shughuli nyingi na gimbi lake.

Nikaomba kuishika. Ukucha ubavuni: hakuna mshono. Viputo viwili karibu na mdomo, kimoja kama chozi. Kitako kimesagika kwa kuwekwa na kuondolewa miaka mingi, na katikati, kovu. Nikaigonga kwa kucha, ikalia muda mrefu kuliko adabu. Ilikuwa ya sita, bila shaka yoyote. Uso wangu ukabaki kama wa mtu anayesoma bili ya maji.

"Si mbaya," nikasema. "Elfu ishirini."

"Hiyo haiuzwi," akasema Bibi Naomi. "Inafanya kazi."

Ndipo akanieleza, na ninawaeleza ninyi kama alivyosema. Darini kwake, juu ya moshi wa jiko, kuna pipa la mbegu za maharage. Msimu wa kupanda ukifika, asiye na mbegu huja kukopa. Anapimiwa kwa glasi hii, imejaa, inafutwa juu kwa kidole. Akivuna anarudisha kwa glasi hii hii, imejaa, inafutwa juu kwa kidole. Hakuna nyongeza wala riba. Mama yake ndiye aliyeanzisha, na glasi aliipata alipokuwa akifua nguo nyumbani kwa mlowezi mmoja.

"Kwa nini glasi?" nikauliza. "Kopo la bati si lingetosha?"

"Kopo hubonyea," akasema. "Mtu akilibonyeza kitako kidogo tu, amekuibia maisha yako yote na hujui. Glasi haibonyei. Ama nzima, ama hakuna. Na unaona mpaka chini."

Miaka ishirini nauza kioo, nimesifia rangi, mlio na umri. Sikuwahi kusifia uaminifu wake.

Lakini laki nne ni laki nne. Nikafungua kanga ya kwanza, nikafungua ya pili, nikaiweka bilauri yangu mezani kando ya yake. Hata mwalimu aliacha gimbi. Mguu kwa mguu, pete kwa pete.

"Bibi, hizi ni ndugu wa tumbo moja. Chukua yangu ikupimie, nipe yako, na juu yake nakuongezea elfu ishirini. Hakuna kilichobadilika."

Bibi Naomi alizitazama zote mbili kwa zamu.

"Ndugu wa tumbo moja," akasema, "wanakula sawa?"

Akaagiza maharage. Aliyeyaleta ni Mama Elia, jirani aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote akijifanya anakung'uta tope. Tukajaza yake, tukafuta kwa kidole, tukamwaga kwenye ungo, tukahesabu punje moja moja. Mia tatu na kumi na nane. Nikahesabu tena, mia tatu na kumi na nane. Tukajaza yangu. Mia tatu thelathini na moja. Nikahesabu tena, polepole, nikitumaini nimekosea. Sikuwa nimekosea.

"Punje kumi na tatu," akasema Bibi Naomi.

Hapa nilifanya kosa la kitoto. Nilifurahi, na ikaonekana. Glasi za kalibu hulingana hadi tone. Hizi zimepishana kwa sababu fundi alipuliza, akapumua, akapuliza tena, na hakuna pumzi mbili zilizo sawa. Ule ulikuwa uthibitisho mzuri kuliko kovu na viputo vyote. Nikaueleza kwa mikono miwili. Nilipomaliza, ile elfu ishirini ya nyongeza ilikuwa imepanda kinywani mwa bibi hadi laki moja.

"Umesema mwenyewe ni ya pekee," akanikumbusha.

Sasa, huko nje kulikuwa na glasi mia moja na nne za mbegu ambazo hazijarudi, zote kichwani mwa bibi, nyumba kwa nyumba. Nikapiga hesabu: mara kumi na tatu, punje elfu moja mia tatu hamsini na mbili. Ni glasi nne na robo za kijiji kizima, ikazidi nusu punje.

"Nne na robo, bibi. Nitalipa mimi hayo maharage."

Mama Elia akajibu kabla ya bibi. "Utalipa kwa nani? Mimi nimekopa tatu. Nirudishe kwa kubwa, nisemwe nilikuwa nimepunjwa? Au nipokee punje zako, wengine wacheke kwamba nimepunja?"

"Deni la mbegu," akamalizia Bibi Naomi, "halilipwi na mpita njia."

Tukapatana hivi, baada ya vikombe vitatu vya chai. Madeni ya glasi ndogo yakiisha yote, glasi itakuwa haina kazi, nami nitaichukua kwa elfu sitini. Ya kwangu itabaki kuwa kipimo kipya. Ila akataka niiache pale pale, ili watu waizoee.

"Si nije nayo siku ya kuchukua hii?"

"Watu wa mjini huahidi vizuri sana wakiwa huku juu," akasema. "Wakifika Mombo joto linawasahaulisha. Iache. Yule wa Arusha akija tena nitamwambia nimeshaposwa."

Mwalimu akacheka mpaka koti likatikisika. Niliiacha. Hata leo sijui nilikubalije, ila nakumbuka nilisema "hongea," asante ya Kishambaa niliyofundishwa njiani, na nikajiona mjanja.

Nilirudi na kanga mbili tupu na mfuko wa matunda damu, yale mekundu ya milimani, saba. Nilipoyahesabu Soni yalikuwa sita. Moja nililila Lushoto. Kwa daktari nilisema seti itakamilika mavuno yakiisha. Akasema atasubiri, lakini si mpaka meno yake mwenyewe yang'oke.

Wiki tatu baadaye Mwalimu Hoza alinipigia.

"Mama Nasra, glasi yako inapendwa sana huku."

"Inapendwaje?"

"Si kubwa? Waliochelewa kupanda wote wanakopa kwa hiyo. Mpaka jana glasi arobaini na moja."

Nilikuwa nimeiacha izoeleke rafuni tu; ikishakopesha, nisingeweza hata kuirudisha nyumbani. "Mwalimu, yale ni majaribio tu. Mwambie bibi zirudishwe kwa ile ndogo."

"Hataki. Anasema kilichotoka kwa glasi kinarudi kwa glasi ile ile. Anasema wewe mwenyewe ulikuwepo ukisikia."

Nilikuwepo. Nilisikia. Ndipo nikauliza swali ambalo mfanyabiashara yeyote wa Ngamiani angeuliza kabla ya kunywa kikombe cha kwanza.

"Madeni ya ile ndogo huwa yanaisha lini? Yote, mpaka la mwisho?"

Mwalimu alianza mbali.

"Mimi nimezaliwa bonde la pili kutoka hapo," akasema. "Wa masika hawajamaliza kurudisha, wa vuli wameshakopa kwa hiyo hiyo. Sijawahi kuona deni limeisha."

Nilihesabu mipindo ya njia mara mbili, na punje mara mbili, na matunda damu mara mbili. Hilo la deni sikulihesabu hata mara moja. Nilikuwa na bilauri tano, nikaenda kutafuta ya sita. Leo rafuni kwangu ziko nne, na nyingine mbili ziko mlimani, salama kabisa, zinadai nusu ya kijiji. Nilichojifunza ni kwamba chombo cha zamani kikikutwa bado kinafanya kazi, uliza kwanza kazi yake inaisha lini, ndipo uulize bei.

Namna ya kuzikomboa ninayoiona ni moja tu, na ndiyo ninayowaombea msaada. Kama nyumbani kwenu, kabatini au nyuma ya sufuria za arusi, kuna bilauri ya kioo cheupe na mguu wa kijani, isiyo na mshono, yenye kovu kwenye kitako, ijazeni maharage, mfute kwa kidole, mhesabu. Nahitaji inayochukua punje mia tatu na kumi na nane, na nyingine inayochukua mia tatu thelathini na moja, zikapime badala ya zile mbili bila deni la mtu kubadilika. Nitakuja kuziona, na maharage ya kupimia nitabeba mwenyewe. Ila tafadhali, kabla hamjanijibu, hesabuni mara ya pili.